Onyo kwa Wenye Hisa: Katika Kubainisha Hatari ya Hisa za Upendeleo Katika Benki

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya chumo la halali, na akawafungia milango ya dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri kwa mali ya Bibi Khadija, akarudi na amana yake kamili. Na ziwashukie aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Sababu ya kuandika karatasi hizi chache ni kwamba alinijia mtu mmoja katika waliosoma kwetu chuoni zamani, naye leo ni wasii wa mayatima watatu wa marehemu ndugu yake. Marehemu aliacha nyumba na shamba, na pamoja na hayo aliacha hisa kadha wa kadha katika benki. Wasii akanionyesha barua aliyopelekewa na benki hiyo, ya kumtaka atie kura yake katika mkutano wa wenye hisa, kwa kuwa benki yataka kutoa hisa za namna nyingine, nazo ni hisa za upendeleo. Na katika barua imeandikwa kuwa rasilmali itaongezeka, na benki itapata nguvu, na mwenye hisa wa zamani hatapungukiwa na kitu. Akaniuliza: "Maalim, nitie kura ya kukubali au ya kukataa? Nami naogopa, kwani mali si yangu."

Nikamwambia: Mwanangu, ama kuweka mali ya mayatima katika benki ya riba, hukumu yake waijua tangu ulipokuwa ukisoma mbele yangu, na maneno yake yamekwisha kuandikwa mahali pengi. Lakini umeuliza jambo la pili, nalo halihusu benki za riba peke yake, bali lahusu kila ushirika ambao watu huchanganya mali zao. Basi nimeona niliandike jawabu lake, ili limfae yeye na wawafae wengine walio mfano wake.

FASILI YA KWANZA: Maana ya hisa, na maana ya upendeleo

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa mwenye hisa ya kawaida katika benki ni mshirika. Amechanganya mali yake na mali za wenziwe, na hana ahadi ya kupewa kiasi kilichokatwa. Benki ikipata faida, wakubwa wake wakaona kuigawa, hupata fungu lake, isipopata, hapati. Na benki ikivunjika, huanza kulipwa walioweka amana na wanaowia benki, na mwenye hisa ya kawaida husimama mwisho wa safu, apate kilichobaki kama kimebaki. Haya ameyaridhia mwenyewe alipoingia, na badala yake amepewa kura mkutanoni.

Ama mwenye hisa ya upendeleo, yeye naye huitwa mshirika, lakini ametangulizwa kwa mambo mawili. La kwanza, katika faida: hukatiwa kiasi maalumu, kama 8 kwa mia kila mwaka, na mwenye hisa ya kawaida hapewi senti moja mpaka huyu amekwisha kulipwa. La pili, katika kuvunjika: baada ya kulipwa wanaowia benki, hurudishiwa yeye rasilmali yake, kisha ndipo watazamwe wale wa kawaida. Na mara nyingi yeye hana kura. Basi yu kati ya mkopeshaji na mshirika: amechukua kwa mkopeshaji ule uhakika wa kiasi, na amechukua kwa mshirika lile jina.

Na ukiuliza: Kwa nini benki hupenda kuzitoa? Jawabu lake ni kuwa sheria za serikali huilazimisha benki kuwa na rasilmali yake yenyewe, iwe ni kinga ya amana za watu pindi ikipata hasara. Benki ikikopa, deni la kawaida halihesabiwi katika kinga hiyo kwa kuwa yapasa kulipwa siku yake. Ikitoa hisa za kawaida, wale wakubwa wa zamani hupungukiwa kura. Lakini hisa za upendeleo huhesabiwa kuwa rasilmali, nazo hazina siku ya kulipwa kama deni, wala haziondoi kura mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo huonekana kama dawa isiyo uchungu. Na uchungu wake umo, ila umewekwa katika kikombe cha mtu mwingine.

FASILI YA PILI: Mfano wa hesabu

Tuseme benki ina rasilmali ya shilingi 600,000 kwa wenye hisa za kawaida, kisha ikatoa hisa za upendeleo kwa shilingi 400,000, za 8 kwa mia. Kila mwaka, basi, shilingi 32,000 zatoka mbele.

Mwaka wa kwanza benki ikapata faida ya 100,000. Wa upendeleo wakachukua 32,000, na wa kawaida wakabakiwa na 68,000. Na lau wangalikuwa sawasawa, wa kawaida wangalipata 60,000. Basi wakafurahi, wakasema: Tumepata zaidi! Na hapa ndipo mtu hudanganyika.

Mwaka wa pili faida ikawa 40,000. Wa upendeleo wakachukua 32,000 zao vile vile, na wa kawaida wakapata 8,000, nao kwa usawa wangalipata 24,000. Mwaka wa tatu faida ikawa 20,000. Wa upendeleo wakazichukua zote, na kama sharti lao ni la kulimbikiza, zile 12,000 zilizopungua zikaandikwa zilipwe mwaka ujao kabla ya wa kawaida hawajapata kitu.

Mwaka wa nne ikaja hasara ya 300,000. Hapana hata shilingi moja ya hasara hii iliyogusa zile 400,000. Yote imekatwa katika 600,000 za wa kawaida, wakabakiwa na 300,000. Lau ushirika ungalikuwa wa haki, wangalibeba 180,000 tu, nao wangalibakiwa na 420,000. Na lau hasara ingalikuwa 600,000, hao wa kawaida wangalikwisha kabisa, na wale wa upendeleo wangalikuwa kwenye hesabu wamesimama na 400,000 zao timamu.

Sasa waona, ewe ndugu yangu, kilichofanyika. Wa kawaida wamekuwa wadhamini wa wa upendeleo, wamewadhamini rasilmali yao na faida yao, wala katika barua hapana mahali palipoandikwa neno "dhamana".

Na katika benki jambo hili ni zito kuliko katika duka au shamba. Kwani muuza duka hufanya biashara sehemu kubwa kwa mali yake, lakini benki hukopesha mali za watu. Katika kila shilingi 100 ilizokopesha, huenda shilingi kumi hivi tu ndizo za wenye hisa, na zilizobaki ni amana na madeni. Basi wakishindwa kulipa wachache tu katika waliokopeshwa, hasara hiyo yatosha kula sehemu kubwa ya rasilmali. Na anayeliwa kwanza ni mwenye hisa ya kawaida.

FASILI YA TATU: Yaliyotukia

Mtu asiseme kuwa hizi ni hesabu za ubaoni. Katika mwezi wa Septemba mwaka 2008, mabenki ya Marekani yalipokuwa katika dhiki kwa sababu ya mikopo ya nyumba isiyolipwa, benki ya Goldman Sachs ilimuuzia tajiri Warren Buffett, kwa mkono wa kampani yake Berkshire Hathaway, hisa za upendeleo za dola bilioni 5, kwa 10 kwa mia. Maana yake ni dola milioni 500 kila mwaka zitoke kabla ya mwenye hisa ya kawaida hajapewa kitu. Na juu ya hayo akapewa haki ya kununua hisa za kawaida kwa bei iliyokwisha kukatwa, dola 115 kila hisa, ili bei ikipanda ale naye katika kupanda kwake. Na ilipotaka kujikomboa mwaka 2011, benki ililipa dola bilioni 5 na nusu kwa zile 5. Hapa pana mafunzo: benki huuza hisa hizi aghalabu siku ya shida, na mwenye shida hachagui masharti. Wenye hisa za kawaida ndio walioyalipia.

Kisha mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Hazina ya Serikali ya Marekani ikaanza kununua hisa za upendeleo katika mabenki, makubwa kwa madogo. Sharti lilikuwa 5 kwa mia kwa miaka mitano ya kwanza, kisha 9 kwa mia. Na benki isingeweza kuwaongezea gawio wenye hisa za kawaida kwa muda wa miaka mitatu ila kwa idhini ya Hazina, maadamu Hazina ingali na hisa zake. Na ikikosa kulipa gawio la Hazina mara sita, Hazina yapata haki ya kutia watu wawili katika baraza la wakubwa wa benki. Basi yule asiyekuwa na kura siku ya furaha, hupewa kiti siku ya dhiki.

Katika mabenki hayo ilikuwamo Citigroup. Serikali ilitia humo dola bilioni 25 mwezi wa Oktoba, kisha bilioni 20 nyingine kabla ya mwaka kwisha, na hizi za pili kwa 8 kwa mia. Hasara zikaendelea, na kila hasara ikawa yakatwa katika fungu la wa kawaida, mpaka watu wakaanza kuuliza: Je, wamebakiwa na nini hawa? Mwaka 2009 benki ikaona haina budi kuzigeuza nyingi katika hisa za upendeleo ziwe hisa za kawaida. Serikali ikageuza zile bilioni 25 kwa bei ya dola 3 na senti 25 kila hisa, ikapata hisa bilioni 7.7, nayo ni kama theluthi ya benki nzima. Na wenye hisa za upendeleo wengine wakageuza zao. Hisa za kawaida zilizokuwa karibu bilioni 5 na nusu zikawa karibu bilioni 23. Basi aliyekuwa na sehemu nne katika benki hii alibakiwa na sehemu moja hivi, wala hakuuza hata hisa moja. Na hisa ambayo mwishoni mwa mwaka 2006 ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 50, mwezi wa Machi mwaka 2009 ilifika kuuzwa kwa chini ya dola moja.

Na insafu yatulazimu kusema kweli yote. Hisa za upendeleo sizo zilizoleta hasara ile. Hasara ililetwa na mikopo mibaya. Na kule kuzigeuza kuliipunguzia benki mzigo wa magawio yaliyotangulia. Lakini hasara ikiisha kuja, ni masharti ya hisa ndiyo yanayoamua itamwangukia nani kwanza. Mvua hainyeshi kwa sababu ya paa, lakini paa ndilo liamualo nani alowe.

Wala mtu asiseme: Hayo ni ya Marekani, sisi huku hayatuhusu. Katika Kenya, National Bank of Kenya ilikuwa na hisa za kawaida milioni 338 na kitu, na pamoja nazo hisa za upendeleo bilioni 1 na milioni 135, zilizokuwa mikononi mwa Hazina ya Serikali na mfuko wa NSSF. Mwaka 2019, benki hiyo ilipokuwa ikichukuliwa na benki ya KCB, hisa zile za upendeleo ziligeuzwa kuwa za kawaida, moja kwa moja. Basi waliokuwa wakizihesabu hisa zote za kawaida kuwa ni zao, wakawa katika kila hisa 100 wanazo 23 hivi. Kisha kila hisa 10 zikabadilishwa kwa hisa moja ya KCB. Sisemi kuwa palifanywa hila. Mambo yalipita hadharani na kwa idhini ya wenye amri. Nasema tu kuwa aliyenunua hisa ya kawaida bila ya kutazama kuna hisa gani zilizokaa kando yake, hakujua amenunua nini.

FASILI YA NNE: Hukumu yake

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Mungu amrehemu, ushirika wa mali ulio sahihi ni ule uitwao sharikatul-inan. Na Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa faida na hasara ndani yake huwa kwa kadiri ya mali za washirika, wakiwa kazi zao ni sawa au si sawa, na kwamba wakishartisha kinyume cha hayo, mkataba huharibika. Na katika qiradhi, ambayo mmoja hutoa mali na wa pili hutoa kazi, wanavyuoni wamesema fungu la kila mmoja sharti liwe sehemu ya faida, kama nusu au theluthi. Akikatiwa mmoja wao dinari kumi maalumu, haisihi. Sababu yake ni wazi: huenda faida yote isizidi zile kumi, basi mmoja ale na mwenziwe atazame.

Na wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu faida izidiane kwa kupatana, lakini katika hasara wao nao wasema ni kwa kadiri ya rasilmali, hapana kupatana kinyume chake. Basi jambo la kumkinga mshirika mmoja na hasara kwa mali ya mwenziwe halina mlango. Kwa ajili hii Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwaka 1992 ilitoa uamuzi kuwa haijuzu kutoa hisa za upendeleo zenye kudhamini rasilmali au kiasi cha faida, au zenye kutangulizwa wakati wa kugawa faida au wakati wa kufilisi. Na ikajuzisha upendeleo wa mambo ya taratibu na uendeshaji peke yake.

Akisema msemaji: Watu wameridhiana, na mkutano umepiga kura, dhuluma iko wapi? Twamjibu: Mlaji riba na mtoaji wake nao wameridhiana. Na kura ya walio wengi mkutanoni siyo radhi ya yatima ambaye hajabaleghe.

Akisema: Lakini mwaka wa faida nyingi wa kawaida hupata zaidi, na hilo ndilo badala yake. Twamjibu: Kweli, hupata zaidi, kama ulivyoona katika mfano. Lakini kile kizidio ni malipo ya dhamana, na mtu hujui dhamana aliyoingia mpaka siku ya hasara. Asili katika sheria ni kuwa faida humfuata mwenye kubeba hasara. Hapa mmoja ametengewa uhakika, na mwingine amesukumiwa mashaka yote, yake na ya mwenziwe.

Na Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura Sad kisa cha wagomvi wawili waliomjia Nabii Daud, amani zimshukie. Humo tumefahamishwa kuwa wengi katika wachanganyao mali hudhulumiana, isipokuwa wenye imani na vitendo vyema, na hao ni wachache. Aliyekuwa na kondoo 99 hakumnyang'anya mwenziwe kwa upanga. Alimshinda kwa maneno. Na maneno ya leo huja katika karatasi nzuri yenye muhuri.

KHATIMA

Basi nilimwambia wasii yule maneno haya. Kwanza, usitie kura ya kukubali, kwani walii wa yatima haifai kutenda katika mali yake ila lenye maslaha naye, na hapana maslaha katika kuyafanya mali ya yatima kuwa kinga ya mali ya tajiri. Pili, uyaondoe mali hayo humo kwa utaratibu, uyatie katika kitu kinachoonekana, kama nyumba ya kupangisha au shamba. Na uandike kila kitu mbele ya mashahidi, ili siku watakapobaleghe uwape hesabu bila ya kuinamisha uso.

Na kwa kila Muislamu aliye na hisa katika ushirika wowote nasema: Usitazame gawio la mwaka huu peke yake. Uliza mambo manne. Nani hulipwa kabla yangu, na kiasi gani? Akikosa kulipwa mwaka huu, deni lake hulimbikizwa? Hisa zake zaweza kugeuzwa zikawa kama zangu, na kwa bei gani? Na siku ya kuvunjika, mimi nasimama wapi katika safu? Usipopewa jawabu wazi, hilo lenyewe ni jawabu.

Na kwa ndugu zetu wanaounda kampani na mabenki kwa jina la Uislamu nasema: Mkihitaji mali, waiteni watu kwa usawa, faida kwa kadiri ya mali na hasara kwa kadiri ya mali. Msiwachukulie wanyonge fedha kwa jina la ushirika, kisha mkawaweka mlangoni kuzuia mafuriko wakati wengine wamepanda dari.

Yule mtu aliinama, akasema: "Maalim, marehemu alizinunua hisa hizi akidhani anawawekea wanawe akiba." Nikamwambia: Nia yake Mungu aijua, na atamlipa kwayo. Wewe sasa umekwisha kujua, na hesabu ya mwenye kujua si hesabu ya asiyejua.

Ewe Mola wetu, tukinai kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utujaalie kuwa katika wale wachache wasiodhulumu wenzi wao. Na mwisho wa maombi yetu ni kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Wallahu aalam.